Pembe ya Baruti Nyumbani kwa Shangazi

Jumapili moja ya Februari, tulipomaliza chakula cha mchana, Shangazi alipanda juu ya kigoda, akaitungua pembe ya baruti iliyotundikwa juu ya meko ya sebuleni kwake, akaifuta vumbi kwa mkono wa sweta, akamkabidhi binti yangu.

Ni pembe ya ng'ombe, imepinda kama mwezi mchanga, na rangi yake imeiva kama chai ya mkandaa. Nchani ina kizibo cha mti. Kitako kimezibwa kwa kibao cha duara kilichoshikiliwa na vimisumari vya mbao, kimoja kimeng'oka. Binti yangu aliinusa kwanza. Ana miaka 11, na kitu chochote kigeni bado huanza kwa kukinusa.

"Babu yako alikwenda nayo vitani," Shangazi akamwambia. "Alipigana na Waingereza. Siku moja itakuwa yako. Tukishampata tu kwenye makaratasi."

Tukishampata.

Nimelala na kuamka na neno hilo wiki saba sasa. Naandika haya kwa sababu tumempata, na sijui kama tuliyempata ndiye tuliyekuwa tunamtafuta.

## Swali la kwenye foleni

Shangazi ni dada yake baba mkwe wangu. Ukoo wao umekaa kaunti ya Lancaster, jimbo la Pennsylvania, tangu kabla Marekani haijaitwa Marekani. Ni watu waliotoka Palatinate, kusini-magharibi mwa Ujerumani ya leo, wakashuka bandari ya Philadelphia wakiwa na kasha moja na mbegu. Mwaka huu wa 2026 nchi inatimiza miaka 250, kila mji umetundika bendera, na Shangazi ameamua kuomba uanachama wa Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1890, na mlango wake ni mmoja: uonyeshe, kizazi kwa kizazi, kwa hati, kwamba wewe ni uzao wa mtu aliyeutumikia upande wa uhuru katika vita ya Marekani kujitoa kwa Waingereza.

Alihitaji mtu wa kuchimba. Nikajitolea kabla hajamaliza kusema.

Ndugu wa mume wangu walishangaa kidogo. Mimi ni mtu wa Shirati, mkoani Mara. Nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Vita ya Waingereza na Wamarekani inanihusu nini?

Iko hivi. Binti yangu alipokuwa na miaka tisa tulikuwa kwenye foleni ya dukani, mama mmoja mtu mzima akamwinamia akamuuliza anatoka wapi. Akajibu, "Lancaster." Yule mama akatabasamu, akasema, "Hapana, kwenu hasa." Mtoto akanitazama mimi. Alizaliwa hospitali ambayo ukisimama pale dukani unaweza kwenda kwa miguu.

Mimi swali hilo haliniumi. Nina kwetu, na kwetu nakutaja nikiwa nimeinua kichwa. Lakini yeye kwao ni hapa, na hapa ndipo anapoulizwa.

Basi nikawaza: nikilipata jina la babu yule kwenye orodha ya wapiganaji, nitakuwa na karatasi. Safari nyingine akiulizwa kwao hasa ni wapi, atajibu kwa kutaja mwaka 1777.

Nilitaka bunduki ya marehemu imlinde mwanangu. Wakati ule sikuliona hivyo.

## La mgambo likilia

Jeshi lenyewe la George Washington lilikuwa jambo moja. Nyuma yake kulikuwa na watu wa kaunti, wakulima na wahunzi, walioitwa kwa zamu. Kwa Kiswahili hao ni mgambo, na neno hilo limenisaidia kuliko vitabu. Tanzania ya leo ukisema mgambo mtu anawaza mafunzo ya kijijini na bunduki za mbao, au wale wanaokimbizana na machinga Kariakoo. Ila zamani mgambo ilikuwa pembe, pembe ya kupuliza ili watu wakusanyike. La mgambo likilia lina jambo. Hakuna aliyeulizwa kama anapenda mlio wake.

Pennsylvania iliwahi kukaa miongo mingi bila mgambo wa lazima, kwa sababu walioianzisha, Wakristo wa dhehebu la Wakweka (Quakers), hawakuamini katika kuua. Vita ilipoanza mwaka 1775 walijitokeza wa hiari. Kisha ikaja sheria ya tarehe 17 Machi 1777: kila mwanaume mweupe mwenye afya, kuanzia miaka 18 hadi 53, aandikwe. Kila kaunti ikapewa luteni wake wa kusimamia mgambo. Watu wakapangwa katika batalioni, batalioni katika kombania, na kila kombania ikagawanywa makundi manane. Likiitwa kundi la kwanza, linakwenda miezi miwili na kurudi, halafu linafuata la pili. Mashamba yasikauke yote kwa mpigo.

Mwanaume mweupe. Nililisoma neno hilo nikiwa nimekaa, nikasimama, nikaenda kuchemsha maji. Binti yangu anatafuta mlango kwenye orodha ambayo isingemwandika.

Kilichonirudisha mezani ni habari ya Karen Batchelor Farmer, mama kijana wa Detroit, mweusi, aliyeanza kuchimba ukoo wake mwaka 1976, nchi ilipotimiza miaka 200. Alifika hadi kwa William Hood, mtu wa mgambo wa Pennsylvania aliyekuwa miongoni mwa waliotetea ngome ya Freeland, ile iliyoshambuliwa Julai 1779. Mwaka 1977 akawa mweusi wa kwanza anayejulikana kupokewa na Mabinti wa Mapinduzi. Na chama ni kilekile ambacho mwaka 1939 kilimnyima mwimbaji mweusi Marian Anderson ukumbi wake wa Washington, Eleanor Roosevelt, mke wa rais, akajiuzulu uanachama, na Anderson akaenda kuimba kwenye ngazi za mnara wa Lincoln mbele ya watu wapatao 75,000.

Kwa hiyo mlango ulishafunguliwa na mwenye nguvu kuliko mimi. Nikaendelea.

## Wazee watatu wa jina moja

Jina la ukoo sitaliandika hapa. Yeye nitamwita Mzee.

Kumpata akiingia ilikuwa rahisi. Tangu mwaka 1727 wahamiaji wanaume wa miaka 16 na kuendelea, waliokuja na meli za kutoka Rotterdam, walipelekwa mbele ya mahakimu Philadelphia kula kiapo cha utii kwa mfalme wa Uingereza. Orodha zile zipo mpaka leo na zimechapishwa. Mzee yumo, vuli ya mwaka 1750, umri miaka 17, hajui kuandika. Karani Mwingereza ameliandika jina kama alivyolisikia, na katikati yake kijana ameweka alama ya msalaba, mstari mmoja mrefu kuliko mwenzake, wino umevimba mwishoni pale kalamu ilipokaa sana.

Nilikaa na alama ile muda mrefu. Ndiyo kitu pekee ninachokijua kuwa mkono wake ulikigusa.

Baada ya hapo jina likaanza kuyeyuka. Kama Huber walivyogeuka Hoover na Schneider wakawa Snyder, hili nalo limeandikwa kwa njia nne katika miaka 30. Na jina lake la kwanza ni mojawapo ya yale machache ambayo Wajerumani wa Lancaster waliyarudia bila kuchoka, kwa hiyo tarafa moja ina watu watatu wa jina moja, wote hai mwaka 1777. Nilitenganisha kwa daftari za kodi. Daftari hizo zinapanga watu: wenye ardhi, kisha wapangaji wenye familia, kisha wanaume wasiooa. Wapangaji wanaitwa kwa neno ambalo kwa Kiingereza cha leo ni wafungwa wa gerezani, na usiku wa kwanza nilidhani nusu ya tarafa ilikuwa jela. Mmoja wa wale watatu hakuwa ameoa. Mwingine alikuwa na kinu. Wa tatu alikuwa na ekari 120, farasi wawili na ng'ombe wanne, na ekari zilezile zinatajwa kwenye wosia unaotaja watoto saba, na mmoja wa watoto hao ndiye anayeshuka hadi kwa mume wangu.

Vizazi tisa kutoka kwa Mzee hadi kwa mume wangu, binti yangu wa kumi.

Kitu kimoja kilikosekana. Majirani wote, Walutheri na Wareformu, watoto wao wamo kwenye vitabu vya ubatizo pamoja na wasimamizi wao. Watoto saba wa Mzee hawamo popote. Nikajiambia kitabu kiliungua. Karatasi za vita ile zenyewe ziliungua kwa wingi, ofisi ya wizara ya vita iliposhika moto Novemba 1800. Moto ni jibu jepesi kwa mtafutaji aliyechoka.

Halafu nikaipata kadi. Hifadhi ya nyaraka ya Pennsylvania, iliyoko Harrisburg, ina faharasa kubwa ya kadi za askari na mgambo wa vita ile. Jina lake, tarafa yake, batalioni, kombania ya kapteni fulani, kundi la tano.

Nikapiga picha. Nikaituma kwenye kundi la familia. Shangazi akajibu kwa herufi kubwa tupu, kisha akanipigia akilia.

Mume wangu aliniambia, "Umefanya kazi ambayo sisi hatukuifanya miaka yote." Nilitembea juma zima kama niliyepewa kiwanja.

## "Umeangalia faini?"

Fomu inataka uambatanishe ushahidi wa huduma, si kadi tu. Nikaenda kwenye maktaba moja ya historia iliyo karibu na kwetu, nikamkuta mzee wa kujitolea aliyevaa kardigani iliyofungwa vifungo vyote. Akaitazama kadi yangu, akaniuliza maswali mawili, taratibu, kama daktari anayejua atakachosikia.

"Umeangalia faini?"

"Faini gani?"

"Na watoto wake, ulikuta ubatizo wowote?"

Nilipomwambia hapana, alivua miwani.

Akanieleza jambo ambalo kila mzoefu wa nyaraka za Pennsylvania analijua na mgeni halijui. Orodha ya kombania haisemi mtu alikwenda. Inasema aliandikwa. Sheria iliwaandika wote, wenye kutaka na wasiotaka. Ili ujue nani alikwenda utafute orodha za malipo ya zamu. Na ili ujue nani hakwenda, kuna hesabu za maluteni wa kaunti, ambamo kila aliyekaa nyumbani ametozwa.

Tulimkuta ukurasa wa tatu. Kundi la tano limeitwa, Mzee hakutokea, ametozwa. Limeitwa tena, ametozwa. Limeitwa mara ya tatu, ametozwa, na safari hii kiasi kimekuwa kikubwa cha kutisha kwa sababu fedha za karatasi zilikuwa zinaporomoka. Mwaka 1780 Kongresi yenyewe ilikubali kuhesabu dola 40 za karatasi kwa dola moja ya fedha.

Mara tatu. Mtu akikosa mara moja anaweza kuwa mgonjwa.

"Hawa wa kwenu," mzee wa maktaba akasema, na hakujua amesema nini, "walikuwa Wamenno."

## Watu ninaowajua

Ningepaswa kujua. Pale kwenye vitabu vya ubatizo ningepaswa kusimama na kujua.

Mimi ni Mmenno wa Shirati, muumini wa Kanisa la Mennonite. Kanisa letu halibatizi watoto wachanga; mimi mwenyewe nilibatizwa nikiwa na miaka 15, nikijua ninachosema. Na kanisa hilo lililetwa Shirati mwaka 1934 na wamisionari waliotoka hapahapa kaunti ya Lancaster. Nililelewa na mafundisho ya watu hawa. Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alitufundisha kwamba mfuasi wa Yesu hachukui silaha, na akatupa kama mfano mashahidi wa Uswisi waliozamishwa mtoni, majina yao tukiyatamka kwa lafudhi ya Kijaluo. Halafu nimevuka bahari, nikawatafuta watu walewale kwenye makaratasi, nikawapita bila kuwasalimu, kwa kuwa nilikuwa natafuta askari.

Familia ya mume wangu haikukumbuka. Karne ya 19 walioa kwa Walutheri na kuhamia huko, na kumbukumbu ikahama nao. Iliyobaki ni pembe, na pembe ya baruti ilikuwa kwa kila mkulima mwenye bunduki ya kuwindia.

Tangu siku ile nimesoma yote niliyoweza kuhusu hao waliokataa. Tarehe 7 Novemba 1775 Wamenno pamoja na ndugu zao Wabaptisti wa Kijerumani walipeleka tamko kwenye Bunge la Pennsylvania. Walisema wako tayari kulisha wenye njaa na kumsaidia mtu yeyote kwa lolote linalookoa maisha, lakini hawana uhuru wa kushiriki katika lile linaloyaangamiza. Kabla mwezi haujaisha Bunge likawawekea wasiojiunga na vikosi vya hiari faini ya pauni 2 na shilingi 10. Juni 1777 likaja sharti la kula kiapo kwa serikali mpya na kumkana mfalme. Wengi hawakuweza. Walikuwa wameshatoa ahadi kwa mfalme huyo siku waliposhuka melini, na kwao neno ni neno. Asiyekula kiapo alinyimwa kura, alinyimwa haki ya kudai deni mahakamani, alinyimwa kununua ardhi. Saucon, kaunti ya Northampton, mwaka 1778 wakulima Wamenno walinyang'anywa mali zao zote zikauzwa, hadi vitanda na majiko, na wake zao ndio walioandika ombi kwa Bunge.

Kuna jambo dogo kuliko hayo ambalo haliniachi. Miaka ya 1748 na 1749 watawa wa Ephrata, mwendo mfupi kutoka nilipo, walichapa kwa Kijerumani kitabu kikubwa cha mashahidi wa imani, kwa ombi la Wamenno walioogopa kuwa vijana wao watasahau. Nakala nyingine zilibaki bila kujalidiwa. Vita ilipokuja na karatasi ikaadimika, jeshi lilizichukua karatasi zile likafungia risasi na baruti.

Karatasi za waliokataa kuua zikapigwa kwenye mitutu. Nilipolisoma hilo nilikuwa zamu ya usiku, wazee wamelala, nikatoka nje kwenye baridi nikasimama.

## Nilichokawia kusema

Siku tisa sikumwambia mtu.

Nilijiambia nahakikisha. Kweli ni kwamba nilikuwa nimenyang'anywa karatasi yangu. Nikajaribu jibu jipya mbele ya kioo, la yule mama wa kwenye foleni: babu yake binti yangu alikuwepo hapa mwaka 1777, na alikataa. Halikuwa na uzito uleule mdomoni, nikajichukia kwa kuona hivyo. Mimi, niliyebatizwa Shirati.

Siku ya kumi nilimpigia baba mdogo, nikamuuliza habari za baba wa babu yetu. Utotoni tuliambiwa alipigana vita ya Wajerumani, ile ya kwanza, na tulijigamba nayo shuleni.

"Nani kakwambia alipigana?" baba mdogo akauliza. "Alibebeshwa mizigo. Walikuja kutafuta wabebaji, watoto wa chifu hawakuguswa, wakachukuliwa wa kwetu. Alirudi na bega moja limeshuka. Hakupenda kuulizwa."

Tunaitaja Kariakoo kila siku, jina lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa vita ile, na bado nyumbani tulipendelea kusema alipigana.

Ndipo nikampigia Shangazi.

Alinyamaza muda mrefu. Nilisikia saa yake ya ukutani. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeshika kamba, "Alilipa kodi?"

Alikuwa ameshasoma. Mabinti wa Mapinduzi hawahesabu bunduki peke yake. Aliyetoa vyakula kwa jeshi, aliyeuguza majeruhi, aliyelipa kodi ya ugavi wa vita miaka fulani, huyo naye anaandikwa mzalendo. Na Mzee yumo kwenye daftari za kodi hiyo. Alilipa.

"Basi tunaye," Shangazi akasema. "Weka kodi."

Kwa kanuni za chama ni halali kabisa, na Shangazi hana hila. Lakini nimejua kitu ambacho ningetamani nisingekijua: kodi hiyohiyo iliwagawa Wamenno wenyewe. Christian Funk, askofu wa Franconia, alisema ni halali kuilipa, na kwa ajili hiyo alitengwa na ushirika. Mzee aliilipa kwa moyo? Aliilipa kwa kuwa alikuwa na watoto saba na aliona ya Saucon? Ningemchukua mtu aliyelipishwa mara tatu kwa kukataa, nimsimamishe kwenye safu ya wapiganaji kwa risiti ya nne, naye hawezi kuniambia niache.

Fomu iko kwenye meza ya jikoni. Mstari wa huduma haujajazwa.

## Baba

Aliyebaki ni baba mkwe wangu. Yeye huzungumza nami Kiswahili, chenye lafudhi ya Lancaster na misamiati ya Musoma ya zamani. Nilimkuta bustanini akifungia matawi ya zabibu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umempata?"

Nikamweleza yote, hadi kodi. Hakuacha kufunga kamba. Nilipomaliza alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Unajua kwa nini pembe iko kwa dada yangu?" akaniuliza. "Mimi ni mtoto wa kwanza. Ilikuwa yangu."

Nilijua nusu ya habari. Baba alizaliwa mwaka 1948. Baba yake alikuwa Mlutheri, askari wa vita ya pili, alipigana Ulaya. Baba alipokuwa kijana akaanza kusali na Wamenno, kwa sababu ya msichana aliyekuja kuwa mama mkwe wangu, na kisha kwa sababu zake mwenyewe. Vita ya Vietnam ikawa inachukua vijana. Akaomba utumishi wa badala, akakubaliwa, na mwaka 1970 Kamati Kuu ya Wamenno ikampeleka kufundisha mkoani Mara. Hivyo ndivyo ukoo huu ulivyokutana na kwetu. Bila kukataa kwake mume wangu asingalilelewa na hadithi za ziwa, wala asingalikuja Shirati kutafuta alipofundisha baba yake.

Nusu nyingine sikuijua. Siku moja kabla hajasafiri, baba yake aliitungua pembe ukutani mbele yake, akampa dada yake, akasema, "Hii ni ya watu wanaokwenda wanapoitwa."

"Hatukuizungumza tena," Baba akasema. "Alipokufa nilikuwa namfulia nguo kila wiki, lakini hiyo hatukuizungumza."

Mikono yake ilikuwa inatafuta kamba iliyokwisha kufungwa.

Alhamisi iliyofuata tulikwenda Harrisburg, yeye, mimi na binti yangu, aliyekuwa na likizo. Wakatuletea filamu ya nyaraka, nikaisogeza hadi ukurasa wenyewe, nikamwonyesha mstari. Binti yangu akausoma kwa sauti ya chini, jina kwanza, kisha kiasi. Baba aliinama karibu na kioo hadi pumzi yake ikaonekana.

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Zamu ya kwanza, 44."

"Mimi nilikuwa na 22."

Akakaa kimya. Nilidhani atalia, au atatabasamu. Nilikuwa tayari kwa yote mawili. Hakufanya hata moja. Aliweka kidole kwenye safu ya mwisho, ile ya fedha, akauliza zilikwenda wapi.

Nikamwambia nilivyosoma. Faini ya kukosa zamu ilikuwa ya kumlipa mtu wa badala. Kundi halikubaki na pengo. Luteni alichukua fedha za asiyekwenda akamwajiri mwingine, na mara nyingi mwingine huyo hakuwa na ekari 120.

"Babu, kwa hiyo kuna mtu alikwenda kwa hela zake?" binti yangu akauliza.

Baba hakumjibu mara moja. "Mwaka ule," akaniambia mimi, kwa Kiswahili, "ofisi ya kuandikisha hapa kaunti ilikuwa na idadi yake ya kutimiza. Nafasi yangu haikubaki tupu. Nimeliwaza hilo darasani kule Mara, nimeliwaza hapa. Sijawahi kumjua ni nani."

Nikamfikiria baba wa babu yangu na bega lake.

"Huyu wa Mzee," Baba akasema, "aliyekwenda badala yake. Jina lake lipo?"

Sikuwahi kulitafuta. Wiki saba zote, sikuwahi.

Nikaenda kaunta kuuliza orodha za malipo ya watu wa badala zimewekwa wapi. Niliporudi, binti yangu alikuwa amesogeza kiti chake karibu na babu yake, ameshafungua ukurasa mpya wa daftari, na amepiga mstari kutenga nafasi ya jina.